Nyayo Kwenye Uwanja Uliofagiwa

Adhana ya alfajiri ikishanyamaza, Dunda, Bagamoyo, husikika sauti nyingine ya chini zaidi: ufagio wa chelewa ukipita mchangani. Anayefagia ameinama, mkono mmoja ufagioni, mwingine kauweka mgongoni, na kabla hajaanza ameshanyunyiza maji kwa kiganja ili vumbi lisiruke likaingia kwa jirani. Akimaliza, uwanja unabaki na mistari myembamba iliyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Hakuna aliyemwagiza achore mistari hiyo, na baada ya nusu saa kuku watakuwa wameshaivuruga. Lakini wa kwanza kukatiza pale, awe muuza vitumbua au mtoto anayewahi madrasa, huacha nyayo zake, na mwenye nyumba akitoka anasoma mchangani nani kapita na kaelekea wapi.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtu ajitaabishe hivyo kwa uwanja usiodumu. Afya ni jibu, ila halitoshi. Afya haihitaji mistari. Nadhani uwanja ule ni salamu iliyotangulia. Unamwambia yeyote atakayekuja kwamba alikuwa akitarajiwa, hata kama hakuna aliyejua kuwa atakuja. Na mji huu wa Bagamoyo una mazoea ya muda mrefu ya watu wasiotarajiwa: wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka na misafara ya pembe, mabaharia waliosubiri upepo wa kaskazi ugeuke, wafanyabiashara wa Kihindi, mapadri waliofungua misheni yao mwaka 1868. Si wote waliokuja kwa heri. Hata hivyo uwanja ulifagiwa.

Kisha inakuja hodi. Mafunzo tuliyoyapata utotoni ni kwamba hodi ni mara tatu, na kama hakuna jibu, unarudi ulikotoka bila kinyongo. Na unapobisha usisimame ukiutazama mlango. Unaupa bega, macho yako yaende njiani. Kati ya hodi na karibu kuna kimya kifupi, na adabu yote, kwa maoni yangu, imo ndani ya kimya kile. Ndimo mama anapovuta kanga yake, sufuria yenye masizi inaposukumwa uvunguni, na mume na mke waliokuwa wakizozana wanapozikunjua nyuso zao. Mgeni anamgawia mwenyeji muda wa kuwa vile anavyopenda kuonekana. Siku hizi tunapiga simu tukiwa tumeshafika: “Niko hapa nje.” Ni taarifa tu, wala haimwombi mtu chochote.

Chai nayo haiulizwi. Mwenyeji wa Pwani anayemuuliza mgeni kama atakunywa chai amemtia majaribuni, kwani mgeni mwenye haya atasema ameshakunywa, na huenda tangu jana hajatia kitu kinywani. Kwa hiyo birika linabandikwa huku mazungumzo yakiendelea, iliki inapondwa, mchaichai unakatwa nyuma ya nyumba, na mgeni anashtukia kikombe kimefika mbele yake. Na kama sukari imekwisha? Hapo mtoto anaitwa kwa jicho, si kwa sauti. Anatokea mlango wa uani na kikombe kitupu, anarudi amekifunika kwa kiganja, akipita ukutani kama mwizi. Mwenyeji mwenyewe anajimiminia chai kavu na kusema, “Mimi daktari kanikataza sukari.” Hakuna daktari aliyemkataza. Mgeni anajua, naye anakunywa kwa kufyonza kwa sauti ili shukrani isikike. Je, hao wawili wamedanganyana, au wameambiana ukweli ambao maneno yasingeubeba?

Neno “chai” lenyewe, masikini, limebebeshwa mengi. Kuna mtu kwenye dawati anayeomba “ya chai” kabla hajagonga muhuri, na vijana wakisikia hadithi isiyoaminika husema, “Hiyo chai.” Inauma kuona kinywaji cha ukarimu kikitumika kuficha hongo. Lakini hata mla rushwa alijua aazime wapi: alichagua neno ambalo kulikataa ni kukosa utu.

Na tusiisifu desturi hii hadi tukasahau migongo inayoibeba. Anayeinama alfajiri ni binti. Anayekunywa chai barazani akizungumzia adabu ni kaka yake. Sijaona sababu ya ufagio kumjua msichana tu.

Mtu aliyeziandika desturi za Pwani, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alizaliwa Dunda hii, kwenye mwaka 1869 hivi. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na huko, mbali na mchanga wa kwao, akaandika jinsi watu wa Pwani wanavyozaliwa, wanavyolelewa, wanavyooana, wanavyocheza ngoma na kuzikana. Kitabu, *Desturi za Wasuaheli*, kilitoka mwaka 1903 kwa jina la mhariri wake, Carl Velten. Mwaka uliofuata Mtoro akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani, na mwaka 1905 wakafunga safari ya kuja kwao mume. Serikali ya kikoloni ikawazuia. Mtu aliyewaeleza Wajerumani, kwa Kiswahili safi, namna watu wanavyoishi pamoja, alibisha hodi kwenye nchi yake mwenyewe akiwa na mke wake, na waliojibu kutoka ndani walikuwa wageni. Wakarudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Nilipolala kwa watu wangu Dunda mara ya mwisho, kulikuwa na mgeni mwingine, mjomba wa mbali aliyekuwa akirudi Tanga. Aliondoka kabla hakujapambazuka, begi begani, viatu vyake vya kandambili vikiacha alama kubwa kuanzia kizingitini hadi njiani. Asubuhi mjukuu akatoka na kopo la maji na ufagio kama kawaida. Akafagia upande wa jikoni, akafagia chini ya mwembe, na alipofika kwenye zile alama bibi akamwita kutoka barazani, kikombe mkononi.

“Hapo paache, mjukuu wangu. Hajafika bado.”

Binti akazizunguka, akaendelea na upande wa pili.