Kusomesha Ugenini kwa Ajili ya Safari

 

Ndugu msomaji, siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia kijana niliyemsomesha chuoni tangu alifu na bee, na sasa ni mtu mwenye digirii yake. Alikaa kitako, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, nimepata kazi ya kusomesha Kiingereza Thailand. Wazee wamefurahi. Lakini nataka nikwambie jambo ambalo wao sijawaambia. Hamu yangu si kusomesha. Hamu yangu ni kuiona dunia, na kusomesha ndiyo nauli yangu. Sasa mshahara nitakaoupokea, ni halali yangu?"

Nilizidi kumpenda kwa suala lile. Vijana wengi wanaokuja kuniaga huniomba dua ya safari, na mambo yakaisha hapo. Huyu alikuja na mzigo. Na mzigo wenyewe si wake peke yake, kwa sababu leo ziko nyumba nyingi za pwani ambazo mtoto amesoma, Kiingereza anakijua, na kazi hapa haipati. Akisikia kwamba Asia au Arabuni wanatakwa waalimu wa lugha ile, huona mlango umefunguka: mshahara, nyumba ya kukaa, na dunia ya kutazama. (Suala la binti kusafiri bila ya maharimu lina mlango wake katika fiqhi, na si mlango nilioufungua leo.)

Kwanza tuiondoe dhana ya kuwa kutamani kuona nchi za watu ni upuuzi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, tunafahamishwa kuwa kule kufanywa kwetu mataifa na makabila mbali mbali kuna makusudio, nayo ni kujuana. Na watu hawajuani kwa kukaa kila mmoja barazani kwake. Imam Ghazali katika Ihya alitenga kitabu kizima cha adabu za safari, akazichambua safari kwa makusudio ya wasafiri. Na sisi watu wa pwani tungekuwa wa mwisho kuilaumu safari, kwani pepo za kaskazi na kusi ndizo zilizoingia majikoni mwetu, misikitini mwetu, na katika maneno tunayoyasema.

Kilichomtia wasiwasi kijana ni hadithi ya nia, iliyopokewa kwa Sayyidna Umar (R.A.), ambayo Imam Nawawi aliitanguliza mbele ya zote katika Arubaini yake. Humo Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa mwenye kuhama kwa ajili ya dunia aipate, au mwanamke amuoe, hijra yake ni ya hicho alichokihamia. Kijana akajihukumu: mimi nahamia visiwa na milima ya Thailand, basi kusomesha kwangu ni udanganyifu.

Nikamwambia kuwa amechanganya mambo mawili. Hadithi ile inasimamia thawabu, na yeye ameuliza ujira. Seremala akitengeneza mlango huku moyo wake uko kwenye mahari ya mchumba wake, na mlango ukasimama sawa, nani atamwambia kuwa pesa zake ni haramu? Hata Hija, nayo ni nguzo ya dini, walipokuwako watu walioona vibaya kufanya biashara katika msimu wake, ikateremka aya ya 198 ya Suratul Baqara kuwaondolea lawama. Mtu aweza kwenda Makka na bidhaa zake na bado akawa ni haji. Lakini hawezi kukaa sokoni siku ya Arafa akasema amehiji.

Na katika jambo hili hili la kusomesha tunao mfano mkubwa zaidi. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, walikuwako mateka wa Kikureshi wasiokuwa na mali ya kujikomboa, lakini wanajua kuandika. Imepokewa kwamba fidia yao ilifanywa kuwafundisha kuandika watoto wa Madina, na katika mapokezi mengine, watoto kumi kwa kila mateka. Hebu tazama nia ya mateka yule! Hakuipenda Madina, hakuipenda dini yake, wala watoto wale hawakuwa na maana kwake. Alichokitaka ni kurudi kwao. Na nia hiyo haikuulizwa. Kilichoulizwa ni mtoto: je, anajua kuandika? Akijua, mtu wetu nenda zako kwa salama. Asipojua, bado una deni.

Nilipofika hapa kijana akatabasamu, akadhani nimemfungulia mlango wote. Nikamwambia asubiri, kwa sababu mizani hiyo ni nyepesi upande wa nia, lakini upande wa kazi ni nzito kuliko anavyofikiri.

Sisi wenyewe huku tumekwisha yaona mambo haya kwa upande wa pili. Wako vijana wa Ulaya na Marekani wanaokuja katika miji yetu kujitolea kusomesha Kiingereza, huyu wiki tatu, yule mwezi mmoja. Wengi wao ni watu wa adabu na wana moyo mzuri, sitawasingizia. Lakini mtoto wa skuli inayopokea wageni wa namna hiyo atakwambia: kila mwalimu mpya anaanza na rangi na siku za wiki. Mwaka unakwisha, mtoto amesomeshwa rangi mara tano, na sentensi moja yenye maana hajui kuiandika. Mgeni amerudi kwao na picha alizopigwa amewapakata watoto. Hakuna aliyeiba kitu, na bado mwaka wa mtoto umepotea. Nauli ile ililipwa na nani?

Na huko anakokwenda kijana wetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mwalimu anaheshimiwa sana. Mtoto wa Kithai humsalimu mwalimu wake kwa kuunganisha viganja viwili na kuinamisha kichwa, na kila mwaka skuli zina siku ya kuwaheshimu waalimu, iitwayo Wai Khru, ambapo wanafunzi hupiga magoti mbele yao wakawatunza maua. (Muislamu apokee maua kwa shukrani na awaombe kwa upole wasimuinamie, na yeye mwenyewe asiinamie sanamu, hayo hayahitaji ugomvi, na katika mikoa ya kusini, Pattani, Yala na Narathiwat, Waislamu ni wengi na wana uzoefu wa kumuelekeza.) Jambo ninalolihofia mimi ni jingine. Mtoto aliyelelewa hivyo hatasimama kumwambia mwalimu, "Mwezi wa tatu huu na sijaelewa kitu." Atanyamaza na ataunganisha viganja. Sisi tuliobusiwa mikono vyuoni tunajua jinsi heshima ya mtoto inavyoweza kumficha mwalimu mbovu. Mwenye kutaka kujua utamaduni wa watu na aanze na huo ukimya.

Haya siyasemi kwa kuyasoma tu. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Mwaka uliofuata, nami ni kijana wa miaka ishirini na kidogo, nilipata habari ya chuo kimoja Ujiji kinachotaka mwalimu. Nikasema nakwenda kutumikia Qur'ani. Ukweli ni kuwa nilitaka kupanda gari la moshi kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, na kuliona ziwa la Tanganyika. Watu wa Ujiji walinipa chumba, wakanipa chakula, na walinikabidhi watoto ishirini na sita. Nilikaa miezi minne. Kisha nikasikia habari za meli ya Liemba inayokwenda mpaka Mpulungu, nchi ya Zambia, na roho ikanitoka. Niliaga kwa wazee kuwa nitarudi baada ya wiki mbili. Sikurudi. Na kibaya kuliko kuondoka ni kuwa sikuacha hata karatasi moja ya kuonyesha nani amefika wapi. Alikuwako mtoto mmoja mwenye kigugumizi, ambaye kwa taabu kubwa nilimfikisha nusu ya Juzuu Amma kwa njia tuliyoizua mimi na yeye, ya kugonga ubao kwa kidole kila herufi. Njia ile niliijua mimi peke yangu. Nilipokuja pata habari za chuo kile, niliambiwa kilikaa karibu miaka miwili bila ya mwalimu.

Ziwa nililiona. Ni zuri kama wanavyolisifu.

Kwa hiyo nilimuuliza kijana maswali ya mkataba wake: ni wa muda gani, na je, yuko tayari kuumaliza hata nchi ikimchosha mwezi wa pili? Nikamuuliza pia anaingia kwa karatasi gani. Sheria ya kule inataka viza ya kazi na kibali cha kazi, na wako mawakala wanaomwambia mtu aingie kwa viza ya utalii, mengine yatakuwa huko huko. Wako hata wanaomfundisha mtu aseme yeye ni mzaliwa wa nchi nyingine ili apendwe. Mwenye kuingia darasani kwa uongo wa namna hiyo ameikata ahadi na wenye nchi kabla hajaandika neno ubaoni, na hapo sitamtetea.

Ingawa uonevu upo, nakiri. Korea ya Kusini, kwa mfano, viza yao ya E-2 ya waalimu wa Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtu wa nchi hizo mwenye digirii ya fani yoyote hupokewa, na kijana wa Mombasa aliyesomeshwa hesabu na sayansi kwa Kiingereza tangu udogo wake huachwa nje. Inauma. Lakini uonevu aliotendewa mtu na wakubwa halipizi kwa mtoto wa darasa la pili.

Mwisho nilimwambia awaeleze wazee wake ukweli wa hamu yake, maana hauna aibu. Amalize mwaka wa mkataba. Na anunue daftari, aandike jina la kila mtoto, amefika wapi, nini kinamshinda na nini kilimsaidia, ili siku akiondoka amkabidhi anayemfuata. Visiwa na milima avione siku za likizo kwa pesa zake za halali, na ajihisi raha.

Alisafiri mwezi wa Mei, skuli za huko zinapofungua mwaka wao. Amekwisha niandikia mara mbili. Barua ya kwanza ilikuwa yote habari za bahari, mvua na vyakula vyenye pilipili. Katika ya pili ananiuliza ni vipi tulikuwa tukimsomesha chuoni mtoto asiyeshika herufi, kwani anaye mmoja. Nimemjibu kwa kirefu, na nimemueleza habari ya kugonga kwa kidole.

Wallahu aalam.