Kurasa Zilizohama

Jumamosi iliyopita, maharusi wakiwa wameshapiga magoti, mwalimu wa kwaya aligusa namba 114 kwenye kishikwambi chake na kwaya ikapaza wimbo wa mazishi. Uliimbwa ubeti mzima kabla shangazi wa bibi harusi hajageuka kuwakodolea macho. Mimi nilijifanya natafuta miwani.

Baada ya ibada lawama zote zilikiangukia kishikwambi. Kijana wetu wa mitambo akakichukua, akaguna. Kitabu kile cha nyimbo tulikiskani wenyewe. Orodha ya alamisho iliandikwa faili likiwa linaanza na wimbo wa kwanza. Baadaye mtu akaongeza jalada na dibaji, kurasa 4, kisha akaipachika orodha ile ile ya zamani. Alamisho haijui wimbo. Inajua tu ni ukurasa wa ngapi.

Nilidhani angeongeza 4 kila mahali, yaishe. Kumbe katikati kuna ukurasa uliopigwa picha mara mbili, na kuanzia hapo pengo ni 5. (Zaburi nazo zina kisa kama hicho: ya 23 kwa wengine ni ya 22, maana Biblia ya Kiyunani iliunganisha ya 9 na ya 10.) Basi akakaa kwenye benchi akifungua wimbo mmoja mmoja, anasoma mstari wa kwanza kwa macho yake, ndipo anaielekeza alamisho hapo. Mbu walimkuta hajafika nusu.

Nikawa nawaza Matendo 9. Saulo amefika Yerusalemu na wanafunzi wanamwogopa. Kwao jina lake bado linafunguka kwenye ukurasa wa pingu na vitisho. Nisingewalaumu, ukurasa ule ulikuwapo kweli, na wengine walikuwa wamezika ndugu zao. Barnaba hakuwakemea. Alimchukua Saulo, akampeleka kwa mitume, akawasimulia yaliyompata njiani na jinsi alivyohubiri Dameski bila woga.

Kuna mzee wa benchi la tatu. Kila nikimpa mkono mlangoni huwa nashusha sauti: “Bado unajikaza, mzee wangu?” Naye hujibu kwa upole kwamba anajikaza. Pombe aliiacha miaka sita iliyopita.

Kesho nitamwuliza habari za mahindi yake.