Mkeka uliosimama nyuma ya mlango

Shangazi alipotoka Pangani kuja kuniona, alikuja na mkeka. Wa ukindu, kausuka mwenyewe, una mistari ya zambarau na kijani, na alisafiri nao kwenye basi tangu alfajiri ameusimamisha katikati ya magoti kama askari na bunduki yake. Alipofika chumbani kwangu Mwananyamala alisimama mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akauegemeza ukutani nyuma ya mlango bila kusema neno. Hapakuwa na mahali pa kuutandika. Ulisimama pale, umeviringishwa, mwaka mmoja na miezi saba.

Chumba chenyewe kilikuwa futi kumi kwa kumi, cha pili mkono wa kulia katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, na uani bomba, choo na majiko yetu. Dari hakuna. Kuta za kati zimeishia njiani kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo wa chumba cha mwisho akipiga chafya, tunamwombea afya nyumba nzima. Kitanda cha tano kwa sita kilikuwa kimeshakula karibu theluthi ya sakafu. Sehemu iliyobaki nikaijaza makochi.

Nilikuwa nimepata kazi, nimelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kwa akili yangu ya wakati ule mtu mwenye kazi ni mtu mwenye makochi. Nikaenda Keko, nikachagua seti: moja la watu watatu, mawili ya mtu mmoja mmoja, mahameli ya rangi ya zabibu. Lile kubwa halikupita mlangoni. Fundi akaling'oa miguu, akaliingiza kwa ubavu, akaipigilia tena ndani, na kuanzia saa ile kochi likawa mfungwa. Nailoni iliyolifunika sikuitoa, nisije nikachafua kitambaa. Juu ya nailoni nikatandaza vitambaa vya kufuma alivyonipa mama. Vile sivicheki hata leo, maana najua ni usiku ngapi alikaa na kroshia yake kwenye mwanga wa kibatari. Mbele ya makochi nikaweka meza ya kioo, pembeni kabati la vyombo lenye glasi kumi na mbili za wageni. Mimi mwenyewe nilinywea kikombe cha plastiki.

Na nilikula kitandani. Kila jioni, sahani mapajani, nayatazama makochi yangu. Joto la Dar es Salaam na nailoni havipatani. Ukikaa dakika kumi, ukiinuka ngozi inabaki nyuma. Siku moja nikaanza kuhesabu ni nani amewahi kuyakalia mwaka ule mzima. Nikapata watu wanne, na mmoja wao alikuwa dalali.

Tangu hapo, nikiingia katika chumba cha kupanga cha mtu yeyote, namtafuta yule mpangaji wa siri. Yupo karibu kila mahali. Halipi kodi, hachangii umeme, hafagii uani, lakini yeye ndiye aliyepewa upande wenye dirisha. Mgeni. Tunamnunulia viti, glasi na zulia tusilolikanyaga, halafu wenye chumba tunajibana ukingoni mwa kitanda. Sababu yake naielewa, na siyo ujinga. Ukikulia nyumba ambayo mgeni akibisha hodi lazima mtu akimbie kuazima kiti kwa jirani, kiti huacha kuwa kiti. Kinakuwa heshima ya ukoo. Basi siku unayopata mshahara unanunua heshima kwanza, sakafu utaijua baadaye.

Nilikuwa nikidhani hiyo ndiyo mila yetu ya pwani, mgeni mbele. Halafu kazi ikanipeleka Lamu, nikaingia katika moja ya nyumba za mawe za karne ya 18, ile waliyoifanya makumbusho. Kwanza nilishangaa wembamba wa vyumba. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari, na boriti haiwezi kunyooshwa ipite urefu wake, hivyo upana wa chumba aghalabu haufiki mita tatu. Chumba kinakwenda kwa urefu kama mtumbwi. Wenye nyumba hizo hawakuwa maskini. Walikuwa wafanyabiashara wenye majahazi, na chumba chao kwa upana hakikukizidi changu kwa kitu.

Sasa tazama walivyokipamba. Nje kabisa pana daka, kibaraza cha mlangoni chenye mabaraza mawili ya kukalia. Mgeni wa kiume aliishia hapo, akizidi sana alikaribishwa sabule, chumba cha wageni. Ukiacha mlango wenyewe uliochongwa, hapo mapambo ni kidogo. Unavuka ua, unapanda kidato, unaingia msana, chumba kinachofuata, nakshi zinaongezeka kidogo. Unaingia ndani, chumba kinachoitwa hivyo hivyo, ndani, walipokaa wanawake wa nyumba na walipozaliwa watoto, na hapo ndipo ukuta mzima umetobolewa zidaka: vishubaka vya chokaa safu juu ya safu, kila kimoja na ukingo uliochongwa, vikiwa vimewekwa bakuli na sahani za kaure kutoka China. Ukuta wa matumbawe una unene wa karibu nusu mita, kwa hiyo kabati lote limeingia ukutani na sakafu haikupoteza hata shubiri. Na macho, badala ya kugonga ukuta, yanaingia katika vivuli vile vidogo na chumba kinaonekana kirefu kuliko kilivyo.

Nilisimama pale hadi wenzangu wakaniacha. Pambo zuri kuliko yote ndani ya nyumba lilikuwa mahali ambapo mgeni hafiki.

Niliporudi niliuza makochi. Niliyanunua laki nne na nusu, nikayauza laki na themanini kwa bwana na bibi harusi wa Tandale, na miguu ikang'olewa mara ya pili. Glasi nikabakiza mbili, ninazinywea hadi leo. Kumi nikampa mama mwenye nyumba kwa shughuli zake. Mtaani ikaenea kwamba nimefukuzwa kazi. Jirani mmoja alinitumia sahani ya ubwabwa na kuku, na nilikuwa na njaa, sikumsahihisha.

Kupamba kulichukua miezi mitatu, polepole, kwa fedha za makochi na bado zikabaki. Kitanda nilikiinua kwa matofali, moja kila mguu. Uvungu uliokuwa wa mende na ndala moja isiyo na mwenzake ukapata kimo cha kupokea sanduku la nguo, ndoo ya unga, ndoo ya mchele na pasi. Waliosema mtaka cha uvunguni sharti ainame hawakuwa wakizungumzia kupanga chumba, ila huwakumbuka kila ninapotafuta pasi. Watu huniletea picha za vyumba vidogo kutoka mtandaoni, vyeupe, vina kitanda na ua moja. Picha nzuri, lakini mle hamna ndoo ya maji wala mtungi wa gesi. Chumba chetu ni jiko, ni stoo, ni chumba cha kulala na cha kulilia. Ukitaka kipendeze, anza kwa kuuliza ndoo itakaa wapi.

Fundi vioo wa jirani aliniuzia kipande cha mabaki, akakisugua kingo. Nilikosea mara mbili kabla ya kupata pa kukiweka. Kikitazama mlango kinakuonyesha korido na vichwa vya wapitao. Kikitazama ukuta kinakuzidishia ukuta. Nilipokielekeza dirishani, mwanga wa asubuhi ukavuka chumba na kufika kichwani pa kitanda, mahali ambapo hapakuwahi kufikiwa na jua tangu nihamie. Taa nyeupe kali, ile inayofanya chumba kifanane na duka la dawa, nikaibadilisha kwa ya njano, na nikaongeza ndogo pembeni ya kitanda. Kwa ajili ya taa hiyo ndogo kiliitishwa kikao uani, wapangaji sita tukitumia mita moja ya LUKU. Tuliyamaliza.

Misumari ilikatazwa. "Mwanangu," mama mwenye nyumba aliniambia siku ya kwanza, "kila msumari ni tundu, na ukihama tundu ni langu." Picha yangu pekee, ndege wawili wa Tingatinga, nikaiegemeza juu ya kabati. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya mraba vya ubao mgumu kama ule wa dari, na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Sanaa iliyoanzia kwenye ubao wa dari haitadharau chumba kisicho na dari.

Kazi iliyonifurahisha zaidi ni pazia la mlango. La zamani lilikuwa zito, la kung'aa, nililishona upande wenye maua uelekee koridoni, kama wafanyavyo wote. Nikalivua. Nikanunua doti moja ya kanga, nikaunganisha vipande viwili kwa cherehani ya jirani, nikalitundika kwenye waya niliouvuta kati ya mbao mbili za kenchi, juu kabisa, lishuke hadi sakafuni. Pazia refu hunyanyua chumba kifupi. Pamba nyepesi, upepo wa uani unapita. Lakini kanga huchapwa upande mmoja, upande wa pili rangi hupauka na maandishi husomeka kinyume, na mlango ni mmoja. Ilibidi nichague nani aone uso na nani aone mgongo. Uso nikaugeuzia kitandani.

Sakafu ikawa wazi. Nikautoa mkeka nyuma ya mlango, nikaupangusa vumbi, nikaukunjua. Ulikataa kulala. Miezi kumi na tisa ya kusimama ilikuwa imeufundisha kuviringika, ikanibidi niweke ndoo ya mchele kona moja na ndoo ya unga kona nyingine kwa siku tatu. Ulizidi sakafu kwa shubiri moja, nikaichomeka ile shubiri uvunguni.

Yule jirani wa ubwabwa alikuja kuchukua sahani yake. Akasimama koridoni, akalishika pazia, akalikodolea macho.

"Dada, hii kanga imeandikwa nini? Huku naona kinyumenyume."

Nikamwambia aingie asome. Akavua ndala.