Mwendo wa Taratibu na Haki za Njiani

Swali la iwapo siku nzima ya kuendesha baiskeli bila shughuli maalumu ni upotevu wa wakati, au ni sehemu halali ya maisha mema, lina uzito mkubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa linagusa maana ya tendo lenyewe. Aristotle, katika kitabu cha Metafizikia, alitofautisha mwendo, yaani tendo ambalo ukamilifu wake uko nje yake, kama ujenzi unaokoma nyumba inaposimama, na utendaji kamili, yaani tendo lililokwisha kutimia katika kila hatua yake, kama kuona na kufikiri. Mkulima apelekaye ndizi sokoni kwa baiskeli huikamilisha safari yake anapofika, ilhali anayetoka asubuhi kwa matembezi na kurejea jioni pale pale alipoanzia hana anachoweza kukitaja kuwa ndicho alichokifuata, hivyo siku yake ama hutimia njiani, ama haitimii kabisa.

Kinachoweza kuitimiza ni tafakuri. Al-Ghazali (1058–1111) aliitengea tafakuri kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din, akihimiza kuwazingatia viumbe hadi moyo umtambue Muumba wao, bila ya kujitia katika kuichunguza dhati yake isiyofikiwa na akili. Kwa tendo kama hilo baiskeli ni chombo kinachofaa, kwani mwendeshaji, kama mwanafikra Ivan Illich alivyoeleza katika miaka ya 1970, huenda kwa kasi mara tatu au nne zaidi ya mtembea kwa miguu huku akitumia takriban sehemu moja ya tano ya nguvu, na bado husikia ndege, hunusa udongo na huweza kusimama wakati wowote.

Hata hivyo, tafakuri hiyo ina mtihani wake, na mtihani huo huonekana wazi katika kisiwa cha Unguja, kwenye njia zinazotoka mabonde ya mpunga ya Cheju kuelekea msitu wa Jozani, ambao tangu 2004 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Humo huishi kima punju, mnyama wa asili ya Unguja, ambaye pia hutoka msituni na kula mazao katika mashamba ya jirani, na ndiyo maana sehemu ya mapato ya utalii hutolewa kwa wanavijiji. Mpita njia anayeyaona mashamba hayo kuwa mandhari tu, na msitu kuwa zawadi isiyo na gharama, ameona nusu ya kilichopo mbele yake, kwa sababu uzuri anaoufurahia umehifadhiwa kwa jasho na uvumilivu wa watu wanaoinama shambani wakati yeye amestarehe.

Kwa hiyo starehe hii haihitaji kuombewa radhi, lakini inazaa wajibu: kusalimia, kupisha wenye mizigo, kutokanyaga mazao, kulipa ada bila kinyongo, na kuutambua mkono wa binadamu pamoja na uwezo wa Mungu. Tafakuri inayomfikia Muumba kwa kuwaruka waja wake haijakamilika, na siku iliyotumiwa kuwaona wote wawili haikupotea.