Mtego wa Mwajiri: Je, Inafaa Kumdanganya Mwalimu ili Kumlinda?

Jaribio la ulaghai kazini ni ujumbe wa uongo ambao mwajiri huwatumia wafanyakazi wake kwa makusudi, ukiwa umetengenezwa ufanane na ule wa matapeli, ili ionekane nani atabofya kiungo, nani atatoa nywila yake na nani atashtuka mapema. Aliyebofya hukutana na ukurasa unaomwambia kwamba amenasa, na mara nyingi hupangiwa somo la usalama wa mtandao. Utaratibu huu umezoeleka katika benki na kampuni kubwa, na pia katika vyuo na shule, hasa Ulaya na Marekani. Kadiri kazi za walimu wa Tanzania zinavyohamia kwenye mifumo ya kompyuta, swali lililo nyuma yake linasogea hadi Kilosa na Mikumi: je, mtu aliyekabidhiwa wenzake kama amana anaweza kuwadanganya kwa nia ya kuwalinda?

Hatari yenyewe si ya kubuni. Katika ripoti za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2023 na 2024, Mkoa wa Morogoro ulitajwa pamoja na Rukwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wake wa Mikumi, imo ndani ya mkoa huo. Mwalimu wa shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu ya Iringa pale Mikumi anaomba likizo, anaomba uhamisho na anapimwa utendaji wake kupitia mfumo wa watumishi wa ESS. Fedha za shule zinaandikwa kwenye mfumo wa hesabu wa FFARS, na watahiniwa wanasajiliwa kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Simu inayobeba nywila za mifumo hiyo ndiyo hiyo hiyo inayobeba akiba yake, mchango wa msiba na ada ya mtoto. Tapeli akiipata nywila moja ya mwalimu mkuu, amegusa mambo ya watu wengi ambao hawakubofya chochote. Kwa hiyo anayetaka walimu wawe macho ana hoja, na hoja hiyo haifai kubezwa.

Tatizo linaanzia kwenye chambo. Jaribio halipimi kitu mpaka ujumbe uwe wa kuaminika, na ujumbe unaaminika pale unapogusa shida au hofu ya kweli. Chukua mfano wa ujumbe unaofika saa nne asubuhi, walimu wakiwa ofisini wanakunywa chai: kuna uhakiki wa watumishi, ingiza cheki namba yako, yaani namba yako ya utumishi, kabla ya saa tisa alasiri, vinginevyo mshahara utasimamishwa. Mwalimu aliyekuwa kazini Aprili 2017 anakumbuka uhakiki ulivyoishia: watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini. Wengi walistahili, lakini hofu iliwaingia hata wenye vyeti safi, na tangu hapo neno uhakiki halisomwi kwa utulivu. Mwalimu anayeharakisha kujaza fomu hiyo hajafanya ujinga. Anaitii ofisi kama alivyofunzwa kuitii. Ujumbe wa malimbikizo ya mshahara yaliyokubaliwa kulipwa, wa kupanda daraja, au wa uhamisho kwa mwalimu ambaye mwenza wake anaishi mkoa mwingine, ungewanasa wengi zaidi. Na yule anayelipa mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, hangesoma hata mara mbili.

Waajiri wa nchi nyingine wamekwisha kupita njia hii, na aibu yao inajulikana. Desemba 2020, kampuni ya GoDaddy ya Marekani iliwatumia wafanyakazi wake ujumbe wa kuwaahidi bonasi ya sikukuu ya dola 650. Watu wapatao 500 waliojaza taarifa zao waliambiwa baadaye kwamba bonasi haikuwepo na kwamba wamefeli jaribio. Kampuni ililazimika kuomba radhi. Mwaka 2021 kampuni ya reli ya West Midlands Trains ya Uingereza ilifanya karibu vivyo hivyo: iliwaandikia wafanyakazi waliokuwa wametumikia abiria kipindi chote cha korona kwamba watapewa bonasi ya shukrani, na shukrani yenyewe ikawa mtego. Agosti 2024 Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kilituma tangazo la uongo kwamba kuna mgonjwa wa Ebola chuoni, kisha kikaomba radhi kwa hofu iliyozuka. Uzito wa jambo hilo unapimika kwa mizani ya Kilosa. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata reli ya kati. Hakuna mtu mjini Kilosa ambaye angekubali kwamba ujumbe wa kubuni unaosema tuta la mto limepasuka ni zana halali ya mafunzo, hata kama ungewafundisha walimu wote kutobofya kiungo wasichokijua.

Dini mbili zenye waumini wengi wilayani humo zimelijadili swali hili la kudanganya kwa nia njema kwa karne nyingi, ingawa hazikuwa na kompyuta. Katika Uislamu, aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza dhana mbaya na upelelezi wa aibu za watu. Katika hadithi zilizokusanywa na Abu Daud imo ile ya masahaba waliochukua kitu cha mwenzao alipokuwa amelala. Alipoamka akashtuka, na Mtume akasema si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Imo pia inayoonya kwamba kiongozi anayewatafutia watu wake sababu za kuwashuku huwaharibu. Onyo hili la mwisho linaeleza hasara ya majaribio ya ulaghai kuliko ripoti nyingi za kitaalamu. Mtu anayeshukiwa na mkubwa wake kila wiki huacha kuwa mwaminifu kwa moyo, akabaki mwangalifu tu. Inasimuliwa pia kwamba Khalifa Umar alipanda ukuta usiku akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba yeye ametenda kosa moja, lakini Umar ametenda matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni na hakutoa salamu. Umar alimwacha. Kosa la mdogo halikumhalalishia mkubwa njia aliyoitumia kulifichua.

Upande wa Ukristo, Augustino wa Hippo alifundisha kwamba kila uongo ni dhambi, hata ule unaosemwa kwa nia njema, na mwaka 1797 Immanuel Kant alifika karibu na hapo hapo kwa njia ya akili. Msimamo wao ni mkali mno kwa maisha ya kawaida. Wazazi wengi wa Mikumi wangeushindwa kabla ya jioni. Lakini Kant aliacha kipimo kingine kinachofaa zaidi hapa: mtu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Mwalimu anayedanganywa ili asilimia ya waliobofya iandikwe kwenye taarifa ya robo mwaka ametumiwa kama chombo, hata kama taarifa hiyo inaitwa ya usalama.

Utetezi wenye nguvu kuliko wote unatoka katika vitabu hivyo hivyo, nao ni kisa cha Yusufu. Akiwa na mamlaka Misri, aliamuru kikombe chake kifichwe kwenye mzigo wa mdogo wake Benyamini, kisha ndugu zake wakaitwa wezi. Kwa umbo lake hili ni jaribio la mtego lililofanywa na mwenye cheo juu ya watu wasio na cheo, tena lilifanikiwa: katika Mwanzo 44, Yuda, ambaye zamani alishauri Yusufu auzwe, sasa anajitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake. Kama mtego huo ulikuwa wema, kwa nini mtego wa mwajiri uwe ubaya?

Jibu limo katika mambo ambayo wasomaji wa haraka huyapita. Kwa mujibu wa Suratu Yusuf, aya ya 69, kabla kikombe hakijawekwa Yusufu alimchukua mdogo wake kando, akajitambulisha kwake na kumwambia asihuzunike. Mlengwa wa mtego alikuwa amekwisha kujua kwamba yuko mikononi mwa anayempenda. Tamko la kwamba ndugu hao ni wezi liliwatatiza wafasiri kiasi kwamba baadhi walisema mpiga mbiu alilitoa bila Yusufu kujua, na wengine wakasema wizi uliokusudiwa ni ule wa zamani wa kumwiba Yusufu mwenyewe. Wanazuoni hao hawakuona haya kuhangaika. Walijua kwamba hata nabii hawezi kuachiwa uongo bila maelezo. Katika Mwanzo, ambako Benyamini hakuambiwa kitu, mtego unaishia kwa Yusufu kuwatoa watumishi wote nje, kulia kwa sauti na kujitambulisha. Hakuwaweka ndugu zake mbele ya Wamisri kuwa kielelezo cha wapumbavu, wala hakuandika majina yao popote.

Kipimo kinachomaliza ubishi kimewekwa na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika sehemu ya kitabu chake cha Ihya inayohusu maafa ya ulimi, anaeleza kwamba maneno ni njia ya kufikia makusudio. Kusudio jema likiweza kufikiwa kwa ukweli na kwa uongo pia, uongo ni haramu. Unaruhusiwa tu pale ambapo jambo jema halifikiki bila huo. Basi anayetetea jaribio la siri analazimika kuthibitisha kwamba walimu hawawezi kufundishwa kwa njia ya wazi, na kwamba mtego unawafundisha kweli. Katika yote mawili ushahidi haumsaidii. Watafiti wa ETH Zurich waliwafuatilia kwa miezi 15 watu zaidi ya 14,000 wa kampuni moja na kuona kwamba somo la papo kwa papo kwa aliyenasa halikuwafanya wawe imara zaidi. Dalili zilionesha hata kinyume. Katika hospitali za Chuo Kikuu cha California, San Diego, wafanyakazi zaidi ya 19,500 walijaribiwa kwa miezi minane ya mwaka 2023, na tofauti kati ya waliofunzwa na wasiofunzwa ilikuwa asilimia 1.7 tu. Utafiti wa Zurich ulionesha pia jambo la kutia moyo: wafanyakazi waliopewa njia rahisi ya kuripoti ujumbe wa kutilia shaka waliendelea kuripoti kwa muda mrefu, na ripoti zao zilikuwa na manufaa. Mtu anayeripoti anafanya hivyo kwa sababu anaamini hatachekwa. Imani hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtego unakiua.

Jamii za Kilosa zina utaratibu wao wa kudanganyana bila dhambi, nao ni utani. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti kwa Wakaguru wa wilaya hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika juu yake kwa kirefu. Mtani anaweza kukuzushia jambo, kukunyang'anya kitu, hata kukudhihaki msibani, na hakuna anayeumia kwa sababu pande zote zinaujua uhusiano huo na kila upande una haki ya kulipiza. Mwajiri si mtani wa mwalimu. Mwalimu akimtumia Mkurugenzi wa Halmashauri barua ya kubuni kwa jina la TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, ili apime umakini wake, atajikuta akijieleza mbele ya Tume ya Utumishi wa Walimu, na huenda mahakamani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mchezo ambao upande mmoja tu unaruhusiwa kuucheza hauwezi kuombewa msamaha wa utani.

Kinachobaki halali si kidogo. Shule inaweza kutangaza kwenye kikao cha walimu kwamba muhula huu zitatumwa jumbe za mazoezi, ikaeleza sababu, na ikapokea pingamizi. Mwanafalsafa Sissela Bok, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu uongo, alitaka kila hadaa ipimwe kwa kuuliza kama ingeweza kutetewa hadharani kabla haijatendwa. Kikao cha walimu ndiyo hadhara hiyo. Chambo kisiguse mshahara, malimbikizo, uhamisho, ugonjwa wala maafa, hata kama matapeli wanavitumia, kwa kuwa mwenye dhamana hahesabiwi haki kwa kufanana na mwizi. Mkuu wa shule na maafisa wa halmashauri wajaribiwe kwanza, na hesabu yao isomwe kwanza. Majina ya waliobofya yasiingie kwenye tathmini ya utendaji wala kwenye kundi la WhatsApp la shule. Ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu. Ujumbe wa kweli wa matapeli ukiingia, usomwe ofisini kwa sauti, mstari kwa mstari, mwalimu aliyeupokea akiwa ndiye mwalimu wa siku hiyo, kisha namba iliyoutuma ipelekwe 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli.

Jaribio linalofanywa kwa siri, kwa chambo cha shida ya mwalimu na kwa lengo la kumhesabu aliyenasa, halina ruhusa katika dini hizo wala katika akili, na mwajiri aliyekwisha kulifanya anadaiwa na walimu wake radhi ya wazi.