Jina la Fundi

Je, kazi nzuri yahitaji jina la aliyeifanya?

Swali hili lilinipata nilipoingia Nairobi Gallery, ile nyumba ya mawe karibu na Nyayo House. Ilijengwa mwaka 1913 iwe ofisi ya serikali ya kikoloni, na humo ndimo watu walimoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Siku niliyoingia mimi nilikuta mikusanyo ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache mwaka 1966. Huku nguo, kule mapambo, pale stempu, vinyago na picha za rangi.

Nikasimama mbele ya kigoda. Picha ya rangi huwa na sahihi pembeni, kigoda hakina. Vitu vingi vya namna hii, popote vilipo duniani, vilinunuliwa na watu ambao hawakumwuliza fundi jina lake.

Mzee Murumbi simlaumu. Wageni walitaka kumnunulia, akakataa, akaiuzia serikali mkusanyo wake mkubwa ili vitu vibaki nyumbani. Bila yeye huenda ningevifuata Ulaya, na nauli ya Ulaya sina. Hata ya matatu siku ile niliihesabu mara mbili.

Lakini nilimkumbuka nyanya yangu. Yeye husuka vyondo, dalali akaja kuvichukua kwa bei ya kutupa. Niliwahi kumwuliza kama haumii kutojulikana. Akacheka. "Mjukuu wangu, kiondo kikibeba viazi bila kukatika, jina ni la nini?"

Jibu zuri, ila halinitoshi. Tangu nimalize kidato cha nne naandika riwaya, na kusema kweli jina nalitaka. Mbona basi lisilonifaa mimi nilione lamfaa yeye? Kutojali kwake ni hekima yake. Si ruhusa ya dalali, wala yangu. Kiondo hakihitaji jina, lakini mtu anahitaji kuulizwa. Akikataa kulitaja, hiyo ni haki yake.

Jumamosi nikamwuliza nani alimfundisha kusuka. Alinyamaza kidogo, halafu akamtaja mama yake, na mama wa mama yake. Majina mawili ambayo sikuwahi kuyasikia maishani mwangu, na kumbe yeye asiyejali jina alikuwa ameyaweka miaka yote hiyo.

Nimeyaandika ndani ya jalada la daftari langu. Na wewe, pale kwenu, umemwuliza nani?