Mtoto wa Barabarani ni Juu ya Nani?

Katika darsa yetu limeulizwa suali: Mtu wa Amu amekwenda Mombasa, akapita Mwembe Tayari usiku, akamkuta mtoto amelala kibarazani juu ya boksi. Akampa shilingi ishirini, akenda zake. Je, wajibu umemtoka?

Jibu: Shilingi ile ni sadaka, na aliyeitoa kwa nia safi ana thawabu zake. Lakini wajibu ungaliko. Wanazuoni wetu wa Kishafii, katika mlango wa laqit, yaani mtoto aliyeachwa asiyejulikana mlezi wake, wamesema kuwa kumwokota ni fardhi kifaya: akisimama mmoja, wengine wameokoka, wakimwacha wote, wote wana dhambi. Na matumizi yake hutoka katika mali yake. Asipokuwa nayo, katika Baitul Mali. Na huko kusipokuwa na kitu, ni juu ya Waislamu wenye uwezo.

Wako wasemao: "Hawa si mayatima. Wana wazazi wao, nao ni wezi na wavuta gundi." Kweli wengi wao wana wazazi. Basi na wazazi watafutwe, wakumbushwe, na aliye fakiri asaidiwe. Lakini hukumu ile haikuwekwa kwa sababu baba amekufa. Imewekwa ili mtoto asipotee. Aliyekimbia njaa au kipigo apotea vile vile kama yatima. Ama huo wizi, asiyebaleghe kalamu imeondolewa kwake. Sisi tuliobaleghe, kalamu zetu zaandika.

Wala tusiseme kuwa haya ni mambo ya bara. Hesabu ya Serikali ya mwaka 2018 ilipata watu wa barabarani 46,639 katika Kenya nzima, wakubwa kwa watoto, na 7,529 katika hao wako Mombasa, mji wa pili baada ya Nairobi. Na Mombasa ni mji wa misikiti na vyuo, mji tuuendeao sisi wa Amu, Pate na Siu kwa biashara, kwa matibabu na kwa kuozana.

Zamani tulikuwa na udhuru: tukisema kuwa sheria ya nchi yajua kupanga mtoto tu, kumgeuza nasaba, na hilo kwetu ni haramu. Udhuru huo umekwisha. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala: Mwislamu amlee mtoto, na mtoto abaki na nasaba yake.

Basi kila msikiti uchague watu waaminifu wa kuwatafuta walezi na kuwafuata watoto. Na fungu la mafakiri katika zaka lifike kwa mtoto huyo kwa mkono wa msimamizi wake. Twaweza kukusanya maelfu kwa harusi ya siku nne. Vipi tushindwe na sahani ya mtoto? Katika Suratul Maun amelaumiwa hata asiyehimiza kulishwa masikini, seuze aliyempita na huku anamwona.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.